Kinyozi Kwenye Njia ya Maji

Sehemu ya saba

"Kinyozi, hebu niambie. Njia ya maji ya ziada ya bwawa hili iko wapi?"

Hapo ndipo tulipokatia wiki jana, na wapo wasomaji walionitumia ujumbe wa kunilaumu kwamba hawakupata usingizi. Poleni sana. Mama Vitunguu mwenyewe hakupata hata pumzi.

Kwa wewe uliyedandia leo: Mama Vitunguu ana bwawa lake binafsi, dogo, la tuta la udongo, linalomwagilia shamba lake la vitunguu. Mvua imenyesha huko vilimani, bwawa limejaa pomoni, lakini shambani halijadondoka tone. Vitunguu ndiyo kwanza vinatunga vichwa. Bila bwawa vitakauka vikiwa saizi ya vifungo vya shati.

Na leo asubuhi amekuja mkaguzi wa mabwawa. Akiridhika, bwawa linabaki. Asiporidhika, linamwagwa lote, na hakuna cha kubembeleza.

Sasa balaa lenyewe. Kila bwawa la udongo huwa na pengo pembeni, chini kidogo ya kilele cha tuta, pa kupitishia maji yakizidi. Pengo likizibwa, maji hupanda mpaka juu ya tuta, na tuta huyeyuka kama sukari kwenye chai. Pengo hilo huwa tambarare, limesawazishwa, kavu karibu mwaka mzima. Kiwanja safi kabisa! Kiwanja safi kiasi kwamba mdogo wa mume wake Mama Vitunguu, kinyozi mmoja machachari aitwaye Chapchap, alijenga humo kibanda chake cha kunyolea.

Mkaguzi alipofika na pikipiki yake akaona kibao: NYOLEWA HAPA. Akakumbuka kwamba mchana anapigwa picha ya kitambulisho kipya cha kazi. Akajishika ndevu. Akaingia, akaketi, akafungwa kitambaa shingoni.

Kwa hiyo bwana mkubwa anaulizia njia ya maji, na njia yenyewe ameikalia.

"Njia ya maji ya ziada?" Chapchap akacheka, wembe hewani. "Ah, bosi, si ndiyo hii hap..."

"Shem!"

Mama Vitunguu aliingia kama aliyesukumwa, jembe begani, ametota jasho mpaka kwenye nyusi.

"Ipo upande ule, mkaguzi," akasema huku akionyesha kwa mpini wa jembe mahali palipokuwa na majani marefu na mbuzi mmoja. "Ukimaliza kunyolewa nakupeleka."

"Mbona nilipopita juu ya tuta sikuiona?"

"Majani yameifunika. Nilikuwa naenda kuyafyeka, ndiyo maana unaniona na jembe."

"Majani hufyekwa kwa jembe, mama?"

"Mimi huwa naanza na jembe. Shem, hebu njoo nje unisaidie maji ya moto."

"Maji ya moto yapo hapa, shem. Tele."

"Njoo uyaone ya nje!"

Walipofika nyuma ya mabati, Mama Vitunguu alimshika shemeji yake kola ya koti jeupe.

"Mnyoe polepole."

"Nini?"

"Polepole kabisa. Mpaka nichimbe njia nyingine kule kwenye mbuzi."

Chapchap akashika kifua kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Shem, mimi naitwa Chapchap."

"Leo jiite Taratibu."

"Nimemnyoa bwana harusi huku gari linapiga honi. Nimemnyoa mtoto akaondoka anauliza tutaanza saa ngapi. Leo unataka nimparuze mtu wa serikali kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza? Akitoka hapa akasema Chapchap ni mzito wa mkono?"

"Akitoka hapa amejua ulipojenga, hutakuwa na kibanda wala huo mkono."

Chapchap aliutazama mkono wake. Akarudi ndani.

Utauliza, na una haki ya kuuliza: kwa nini Mama Vitunguu hakumtimua mapema? Si bwawa lake? Ni lake. Si shamba lake? Ni lake. Lakini Chapchap ni kitinda mimba, na kitinda mimba ana mama, na mama huyo ndiye mama mkwe wa Mama Vitunguu. Ndiye aliyeliona lile pengo, ndiye aliyesema "mwanangu atajenga hapa," na mazungumzo yakaishia hapo. Mume wa Mama Vitunguu alipoulizwa maoni yake alikumbuka kwamba ana safari ya mjini kutafuta pampu. Mpaka leo anaitafuta.

Mama Vitunguu anaogopa nyoka, anaogopa radi. Lakini mbele ya nyoka na radi hajawahi kumwaga chai; mbele ya mama mkwe humwaga kila mara.

Basi akachimba. Ardhi ilikuwa ngumu kama ugomvi wa zamani. Mbuzi alimtazama, akatafuna, akamtazama tena. Shimo lilipofikia ukubwa wa karai, Mama Vitunguu aliinua kichwa apumzike, na akaona kitu kilichomfanya adondoshe jembe kwenye vidole vyake mwenyewe.

Nyuma ya kibanda Chapchap alikuwa amepanga mifuko ya mchanga, "kuzuia unyevu." Maji yalikuwa yamefika juu ya mifuko. Na sasa yalikuwa yanaivuka, taratibu, kwa adabu, kama wageni wanaovua viatu mlangoni.

Aliokota jembe, akarudi mbio akichechemea.

Ndani ya kibanda mkaguzi alikuwa amenyolewa shavu moja tu. Shavu la pili lilikuwa na povu lililoanza kukauka. Chapchap alikuwa ananyoa unywele mmoja mmoja, na baada ya kila unywele anafuta machozi. Hali ilikuwa mbaya kwa pande zote.

Na maji yalikuwa yanapanda kupitia nafasi za mbao za sakafu. Maana sakafu hiyo ilikaa juu ya mapipa matupu, na pembe zote nne za kibanda zilifungwa kwa waya kwenye vigingi upepo usikibebe. Kibanda kilitamani kuelea. Waya zikakikatalia. Kwa hiyo maji ndiyo yaliyoingia.

"Kinyozi," mkaguzi akasema akiwa amefumba macho. "Mbona nahisi viatu vyangu vimelowa?"

Mama Vitunguu aliona kifo cha vitunguu kimesimama mlangoni. Lakini Chapchap, tumsifu panapostahili, hakupepesa hata jicho.

"Huduma mpya, bosi. Ukinyolewa juu, unaoshwa chini."

"Miguu?"

"Miguu. Vua viatu tu, ujiachie."

Mkaguzi alifungua jicho moja, akatafakari, akavua viatu na soksi. Akaitumbukiza miguu. Uso wake ukalainika kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kwa wema.

"Aisee," akanong'ona. "Mjini kwetu hakuna kitu kama hiki."

"Sisi tupo mbele kidogo," akasema Chapchap.

"Yanazidi kupanda."

"Ndiyo. Hatua ya pili. Tunakwenda mpaka kwenye vigimbi vya miguu."

Mama Vitunguu aliuma kitambaa chake cha kichwa asicheke wala kulia. Pengine, alifikiri, pengine tutatoka salama. Mtu huyu akiendelea kufurahi hivi atasaini hapohapo kwenye kiti, aondoke, halafu...

"Kinyozi."

"Naam, bosi."

"Kuna kitu kinanidona kisigino."

Wote watatu walitazama chini. Samaki mdogo, mnene kiasi, alikuwa anazunguka mguu wa mkaguzi kama fundi anayekagua ukuta.

"Huyo," Chapchap akameza mate, "ni mfanyakazi mwenzangu. Anatoa magaga."

"Ajabu!" mkaguzi akasema. "Anaifahamu kazi yake."

Hapo, msomaji, ningeweza kukuacha ukafurahi. Mhariri angeniua.

Mlango ukazibwa na mwavuli mkubwa mweusi. Mwavuli ukafungwa, na nyuma yake akatokea mama mkwe, amekuja kama anavyokuja kila siku, kukaa na kuwasifia wateja mikono ya mwanawe. Alikunja gauni, akaingia majini bila hata kuyatazama.

"Shikamoo, mama," Mama Vitunguu akasema haraka. "Mama, twende nje kidogo nikakuonyeshe mbuzi..."

"Marahaba. Mbuzi namjua." Akamgeukia mkaguzi. "Wewe si ndiye mtu wa serikali? Karibu sana, baba. Umeona mwanangu alivyo na akili? Hapa hapakuwa na kitu! Pengo tupu. Bwawa likijaa, maji yanapita hapa kwenda zake, bure kabisa, hata asante hakuna. Mwanangu akaona, akaziba, akajenga. Siku hizi wanapita wateja."

Samaki peke yake ndiye aliyeendelea na kazi.

Mkaguzi aliitazama miguu yake. Akautazama ukuta wa mabati, halafu maji, halafu Mama Vitunguu, aliyekuwa anatafuta shimo la kujifukia na kukumbuka kwamba alilochimba ni dogo.

"Ina maana nimekaa..."

"Ndiyo, mkaguzi."

"Na haya maji siyo..."

"Hapana, mkaguzi."

"Na huyu?"

"Ni wa bwawani tu."

"Nilishamzoea," mkaguzi akasema kwa huzuni ya kweli.

Alisimama. Upande wa kushoto alikuwa kijana mtanashati, upande wa kulia alikuwa babu yake. Akatoka pekupeku mpaka penye tuta, kitambaa cha kinyozi kikipepea shingoni, akapima kwa mkono. Aliporudi hakuwa na utani.

"Imebaki shubiri moja maji yafike juu ya tuta. Yakishafika, hakuna wa kuyazuia, tuta linakatika. Sikiliza, mama. Kibanda hiki kikitoka sasa hivi na maji yakapita yanapotakiwa, nakuachia bwawa lako. Kisipotoka, napasua ukingo kule pembeni mimi mwenyewe, nilimwage kwa usalama kabla halijajimwaga lenyewe. Na vitunguu tuvisahau."

"Kitatoka!" Mama Vitunguu akasema.

"Hakitoki," akasema mama mkwe.

Na akaketi. Kwenye kiti cha kunyolea, kile cha kuzunguka, katikati ya kibanda, mwavuli mapajani. Alikaa kama aliyezaliwa hapo.

"Mama yangu," mkaguzi akaanza kwa heshima, "maji haya..."

"Maji yamesubiri muda wote huu. Yaendelee kusubiri. Na wewe kamalizie ndevu, unatisha watu."

"Mama, labda tungesogea kidogo tu," Chapchap akajaribu.

"Nyamaza, mtoto."

Mtoto mwenye mvi mbili tatu akanyamaza.

Mkaguzi akamtazama Mama Vitunguu. Chapchap akamtazama Mama Vitunguu. Hata mimi ninayeandika nilisimamisha kalamu nimtazame. Huko nje vitunguu vilikuwa vimejipanga kwenye matuta yao, vibichi, vinyenyekevu, kila kimoja amekipandikiza kwa mkono wake huku mgongo ukimuuma. Mvua haiji. Hili bwawa ndilo mvua yao.

Mama Vitunguu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufunga, akajaribu tena, kama pampu ya zamani asubuhi ya baridi.

"Mama. Inuka."

Chapchap alidondosha wembe majini.

"Umesema?" Mama mkwe aliuliza kwa sauti ndogo, ile ambayo ndugu wa ukoo huo wakiisikia huanza kutafuta viatu vyao.

"Nimesema inuka." Akalishika jembe kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Lakini inuka."

"Marahaba. Siinuki."

"Basi kaa vizuri, mama. Shika mikono ya kiti."

Na akatoka nje na jembe lake.

Kigingi cha kwanza alikipiga kikaruka. Chapchap akatoka mbio na kioo kwapani, mkaguzi nyuma yake na viatu mkononi. Kigingi cha pili nacho kikaenda. Kibanda kikainua bega moja.

"Mke wa mwanangu!" sauti ikatoka ndani. "Kuna kitu kinatikisika huku!"

"Ni huduma mpya, mama!"

Kigingi cha tatu. Kwenye cha nne Mama Vitunguu alisimama, jembe juu. Akawaza sikukuu zote zijazo. Akawaza chai zote atakazoandaa maisha yake yote. Kisha akatupia jicho shambani, akafumba macho, akashusha jembe.

Waya ikakatika kwa mlio kama wa gitaa.

Kibanda kikapanda juu ya mapipa yake, kikageuka kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, mifuko ya mchanga ikaporomoka, na maji yote yaliyokuwa yakisubiri kwa adabu yakaacha adabu. Yakapita pengoni kwa kishindo, mbele yake kibanda cha kunyolea kikikimbia na kibao chake, NYOLEWA HAPA, na ndani ya mlango uliobaki wazi mama mkwe anazunguka kwenye kiti. Kila kiti kilipogeukia huku walisikia nusu ya neno kali. Nusu nyingine ilikwenda upande wa pili.

"Anakwenda vizuri," mkaguzi akasema, kwa sauti ya mtaalamu.

Kibanda kikapinda kona ya mfereji unaoshuka kutoka pengoni, kikapotelea nyuma ya tuta.

Mkaguzi akakimbilia kwenye tuta, akapima. Shubiri moja ikawa moja na nusu. Zikawa mbili. Maji yalikuwa yanashuka, yanapita mahali pake, yanakwenda mtoni bila kugusa hata jani la kitunguu.

"Mama," akasema, na akampa Mama Vitunguu mkono uliojaa povu. "Bwawa lako limepona. Lina maji ya kukufikisha mavuno. Nakuachia."

Mama Vitunguu alilia. Alicheka. Alimkumbatia mkaguzi upande ulionyolewa. Alimkumbatia Chapchap, na angemkumbatia mbuzi kama asingekuwa mbali.

"Shem," Chapchap akasema ndani ya kumbatio.

"Nini, shem wangu?"

"Mama yangu je?"

Lo! Walitimua mbio.

Walimkuta chini ya tuta, mahali mfereji unapopinda. Maji yalikuwa yamekitema kibanda pembeni, kwenye nchi kavu, wima, hakina hata mkwaruzo. Mama mkwe alikuwa bado kitini. Kilemba kimekaa upande, mwavuli ameufungua ndani ya nyumba, uso wake, wallahi sisemi uongo, uso wake ulikuwa unang'aa.

"Mbona mmechelewa?" akauliza. "Chapchap, lete kioo. Hapa ni pazuri kuliko kule. Kuna upepo, kuna kivuli, barabara unaiona. Hapa hapa."

Mama Vitunguu alikuwa tayari kusema ndiyo mama, asante mama, kaa unapotaka mama. Lakini macho yake yalishuka chini ya sakafu, katikati ya mapipa, na akakiona kisanduku cha zege alichokijenga mwenyewe. Ndani ya kisanduku hicho kuna koki. Kwenye koki hiyo linapita bomba linalotoka bwawani kwenda shamba lote.

"Mama," akasema polepole. "Umekaa juu ya koki ya vitunguu."

"Nimeshahamishwa mara moja leo," akasema mama mkwe, akigeuza kiti kidogo kulia, kidogo kushoto, kwa starehe. "Mara moja inatosha."

"Tutazungumza naye kesho," Chapchap akanong'ona. "Akishakula. Kwani kuna haraka gani, shem? Maji si yapo?"

*Fyuuu.*

Wakatazamana.

*Fyuuuuu*, sauti ikarudia, kutoka chini ya mbao. Kisha ubao mmoja ukaruka, na mchirizi wa maji mnene kama mkono wa mtu ukapanda katikati ya kibanda, ukapiga bati la juu, ukashuka kama mvua juu ya mwavuli wa mama mkwe.

Mkaguzi alijitupa chini kifudifudi, akachungulia kati ya mapipa. Alipoinua uso, lile shavu lenye ndevu lilikuwa na tope, na lile lisilo na ndevu lilikuwa limepauka.

"Koki imekatika," akasema. "Kibanda kimeivunja. Bwawa linatoka."

"Linatoka kiasi gani?" Mama Vitunguu akauliza.

"Lote, mama. Mpaka tope la chini. Labda tukinyanyue kibanda hiki sasa hivi, mtu aingie chini alizibe bomba. Lakini kiwe chepesi. Tukikinyanyua na mzigo wowote juu yake, kitamwangukia."

Hakuna aliyeuliza mzigo gani.

Maji yakazidi kunguruma. Mama Vitunguu aligeuka, jembe mkononi. Mama mkwe alikwisha kusimamisha kiti. Aliinamisha mwavuli taratibu mpaka macho yake mawili yakaonekana juu ya ukingo wake.

"Haya, mke wa mwanangu," akasema. "Hebu niambie inuka mara ya pili."